Unaponakili Namba na Kubandikiwa Nyingine

Mkazi wa Runazi, wilayani Biharamulo, anayekwenda steshenari kujaziwa fomu ya mtandaoni hukabidhi namba zenye uzito: Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, na kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12. Ni nadra namba hizo kuchapwa kwa mkono. Hunakiliwa na kubandikwa. Katika kompyuta inayotumia Linux, kwa mfano Ubuntu, kitendo hicho kina tabia ambayo aliyezoea Windows haitarajii, na anayepata hasara ni mteja aliyelipia ankara isiyo yake.

Linux ina hifadhi mbili za maandishi yaliyonakiliwa, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza hujazwa kwa Ctrl na C, na hutolewa kwa Ctrl na V. Ya pili hujazwa mara tu maandishi yanapotiwa kivuli kwa kipanya, na hutolewa kwa kubonyeza gurudumu la kipanya. Hapo ndipo wengi hunaswa. Tuchukulie kuwa mhudumu ametia kivuli namba yako kwenye ankara, kisha akahamia kwenye fomu na kutia kivuli namba ya mteja aliyetangulia ili aibadilishe. Akibonyeza gurudumu, inaweza kutoka ile ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyotiwa kivuli mwisho. Kompyuta haijaharibika. Tunashauri ashike njia moja tangu mwanzo, yaani Ctrl na C, kisha Ctrl na V, na wewe uisome namba iliyobandikwa tarakimu nne nne ukiilinganisha na karatasi yako kabla ya kulipa.

Iwapo hakuna kinachobandikwa, uliza kama dirisha la mwanzo limefungwa. Katika Linux maandishi mara nyingi hubaki mikononi mwa programu yalikotoka, hivyo programu ikifungwa huenda yakapotea nayo. Ifunguliwe tena, na isifungwe hadi kazi iishe. Kwenye dirisha la kuandikia amri, Ctrl na C husitisha kazi inayoendelea. Humo hutumika Ctrl, Shift na C, kisha Ctrl, Shift na V. Hati iliyopigwa picha kwa kawaida haina maandishi ya kunakili, hivyo hapo huenda ikabidi kuchapa.

Namba ya Utambulisho wa Taifa ina kero yake. Ikiandikwa pamoja na vistari vitatu hufikia alama 23, na fomu inayopokea 20 tu inaweza kukata tarakimu za mwisho. Ibandikwe kwanza kwenye programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, vistari vifutwe, kisha inakiliwe upya.

Baadhi ya kompyuta huwa na programu ya kutunza orodha ya yaliyonakiliwa, kama Klipper katika mazingira ya KDE. Inafaa sana kwa kompyuta ya nyumbani. Kwenye kompyuta ya wateja wengi, namba yako inaweza kubaki hapo baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo omba orodha hiyo ifutwe ukiwa bado umesimama kaunta. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko kuzihusu hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.