Leseni ya Majaribio Ikiisha, Kumbukumbu Zako Ziko Wapi?

Leo tuache kidogo chanjo na viuatilifu, tuongelee kompyuta.

Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai hapa Shirimatunda alinisikiliza mimi mwenyewe nilipomwambia aongeze kwenye Excel yake programu nyongeza ya kuweka kumbukumbu na kutoa ripoti. Ilikuwa bure. Kumbe bure ile ilikuwa ya siku 90! Siku anaitaka ripoti ya kupeleka benki, aombe mkopo wa banda la pili, ikakataa kufunguka. Tulikesha tukinakili kutoka daftari la mama yake, lakini mle kulikuwa na mauzo tu. Chakula na vifo havikuwemo. Benki wakamwambia arudi akikamilisha.

Kosa lilikuwa langu, na nimejifunza haya:

1. Programu mama na nyongeza zina leseni tofauti. Ya kwanza inaweza kuwa imelipiwa, ya pili ikawa ya majaribio. Kabla hujaingiza data, soma ni siku ngapi na nini kitafungwa. Microsoft 365 ikiisha muda, kwa mfano, unaweza kufungua faili na kulichapisha, ila kulihariri huwezi. Nyingine hufunga kila kitu.

2. Weka ukumbusho kwenye simu wiki moja kabla. Kama ulijaza namba ya kadi, hakikisha hawatakukata hela kimyakimya.

3. Kila mwisho wa mwezi toa data zako kwa faili la CSV. Nakala moja weka kwenye flashi, nyingine jitumie kwa barua pepe. CSV hufunguka hata kwa LibreOffice Calc, ambayo ni bure kweli, haina siku za kuhesabiwa.

4. Ikishaisha, usiifute kwa hasira. Zipo programu zinazoondoka na data. Nakili mafaili yote kwanza, kisha mwombe muuzaji akufungulie utoe kumbukumbu zako. Baada ya hapo piga hesabu: ada ya mwaka ni trei ngapi za mayai? Kama inakulipa, lipia.

5. Usirudishe nyuma tarehe ya kompyuta ili kuidanganya. Tarehe za chanjo zitavurugika, na kuku hawajui kalenda yako ya uongo. Kraki nazo achana nazo: huja na virusi, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia.

Ukikodi shamba, mkataba ukiisha unamwachia mwenyewe ardhi yake, lakini mahindi unakuwa umeshavuna. Programu ni shamba la kukodi, data ndiyo mahindi. Leo jioni ukishafunga banda, fungua kompyuta uvune.