Kipupwe cha Usambara na Hifadhi ya Mboga

Asubuhi ya mwezi wa Julai katika milima ya Lushoto, ukungu huwa bado umelala mabondeni wakati wakulima wanapotoa matenga ya nyanya na magunia ya kabichi kwenda kupakiwa. Hewa ni baridi, na mchumaji hufanya kazi huku amejifunika shuka. Saa chache baadaye mzigo ule ule huwa umeteremka kwa njia ya Soni hadi Mombo, nao hungoja gari chini ya jua la nyika. Mnunuzi anajua kwamba mboga haiwezi kungoja, na kwa sababu hiyo ndiye apangaye bei. Mkulima asiye na mahali pa kuihifadhi mboga yake hana budi kuikubali bei hiyo, au kurudi nayo nyumbani ikanyauke.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa misingi ya fizikia na bayolojia ifundishwayo katika shule za sekondari, kwa nini mboga huharibika baada ya kuchumwa, na jinsi baridi ya kipupwe, ambayo hailipiwi na mtu yeyote, inavyoweza kutumiwa kuirefushia maisha.

Asili ya baridi ya Lushoto

Mji wa Lushoto uko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, lakini kimo chake ni kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ipandapo mlima hukuta kanieneo ndogo, hutanuka, na kwa kutanuka hupoa. Kwa wastani jotoridi hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi za Sentigredi kwa kila mita 100 za kupanda. Mombo, iliyoko chini ya mlima, ina kimo cha mita 400 tu. Tofauti ya mita 1,000 kati ya miji hiyo miwili yatosha kuleta tofauti ya nyuzi 6, ingawa barabara iliyo kati yake haizidi sana kilomita 30. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, usiku katika miinuko ya juu kama Shume na Magamba jotoridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Hali hiyo iligunduliwa mapema na watawala wa Kijerumani, ambao waliuita mji wa Lushoto kwa jina la Wilhelmstal. Mwaka 1896 walianzisha shamba la majaribio huko Kwai, si mbali na Lushoto, ili kuona kama mimea na mifugo ya Ulaya ingeweza kustawi. Mwaka 1902 ikafuata taasisi ya utafiti ya Amani, katika Usambara ya Mashariki. Leo kabichi, karoti, viazi mviringo, liki na koliflawa si mazao ya wageni tena. Ni riziki ya maelfu ya kaya za milimani na kitoweo cha watu wa Tanga na Dar es Salaam.

Mboga ambayo yenyewe ni ghala

Yafaa kujiuliza: kwa nini kabichi hujikunja ikawa tufe, na karoti hunenepesha mzizi wake? Jibu limo katika asili ya mimea hiyo. Kabichi na karoti ni mimea ya miaka miwili. Huko ilikotoka, mwaka wa kwanza mmea hujijengea akiba ya sukari. Kisha huja majira ya baridi kali, ambapo ardhi huganda na ukuaji husimama. Mmea uliopitia baridi ya majuma kadhaa ndio utoao maua na mbegu katika mwaka wa pili, kwa kutumia akiba ile. Hivyo kabichi ni ghala lililojengwa na mmea kwa ajili ya safari ndefu ya baridi. Mkulima wa Ulaya aliyeiweka kabichi yake katika chumba cha chini ya ardhi, au karoti zake katika mchanga, alikuwa akiifuata desturi ya mmea wenyewe.

Usambara ina kipupwe, lakini haina baridi ya kugandisha ardhi. Hapo pana faida na hasara. Faida ni kwamba bustani haifi. Mboga huweza kulimwa mwaka mzima, hasa katika mabonde yenye maji. Hasara ni kwamba baridi yake haitoshi kuilaza kabisa mboga iliyochumwa. Inabidi isaidiwe na akili ya mwanadamu.

Mboga iliyochumwa ingali hai

Wengi hudhani kwamba mboga ikishakatwa imekufa. La hasha. Seli zake zingali zinapumua: hutumia sukari na oksijeni, hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, maji na joto. Ilipokuwa shambani, majani yaliirudisha sukari hiyo kwa nguvu ya jua. Ikishachumwa hailetewi tena chochote, bali hula akiba yake. Akiba ikipungua, ladha hupotea, majani hugeuka manjano na vijidudu vya kuozesha hupata mlango.

Upumuaji huendeshwa na vimeng'enya, na kazi ya vimeng'enya huongezeka kadiri joto linavyoongezeka. Kwa mboga nyingi, kila jotoridi lipandapo kwa nyuzi 10, kasi ya upumuaji huzidi mara mbili hadi mara tatu. Tuchukue kipimo kidogo cha mara mbili. Kabichi iliyo katika nyuzi 32 juani itatumia akiba yake mara mbili ya ile iliyo katika nyuzi 22 kivulini, na mara nne ya ile iliyo katika nyuzi 12 usiku wa Lushoto. Kwa maneno mengine, saa moja ya kungojea gari juani huweza kuila mboga sawa na saa nne za ghala la baridi.

Kutokana na hesabu hii twapata kanuni ya kwanza: mboga ichumwe alfajiri, kabla haijabeba joto la mchana, na iwekwe kivulini mara moja. Tena isirundikwe lundo kubwa, kwa kuwa joto la upumuaji hukosa njia ya kutoka, na kitovu cha lundo huanza kuiva kana kwamba kimewekwa jikoni. Gunia lililojazwa kupita kiasi, liitwalo lumbesa, humpunja mkulima katika kipimo na pia huiponda na kuipasha joto mboga iliyomo.

Maji na mvuke

Mboga za majani huwa na maji kiasi cha asilimia 90 au zaidi. Zikipoteza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake hulegea, na mnunuzi huzikataa. Maji hutoka kwa mvuke kupitia matundu ya majani na ngozi ya mboga, na hutoka upesi zaidi pale hewa inapokuwa kavu au yenye upepo. Ndiyo sababu karoti hukatwa majani yake mara baada ya kung'olewa: majani yakiachwa huendelea kuyavuta maji kutoka mzizini.

Lakini mvuke huo huo waweza kugeuzwa kuwa rafiki. Gramu 1 ya maji igeukapo mvuke huchukua joto la juli 2,450 hivi kutoka katika vitu vilivyo karibu nayo. Kuipoza kilo 1 ya mboga kwa nyuzi 1 kwahitaji kuondoa juli 4,000 hivi. Kwa hiyo gramu 10 tu za maji, kama joto lake lote lingetoka katika mboga, zingetosha kuipoza kilo 1 ya kabichi kwa nyuzi 6. Hii ndiyo siri ya mtungi wa maji wa nyumbani, na ndiyo siri ya mtungi uliowekwa ndani ya mtungi mwingine, katikati pakatiwa mchanga mbichi.

Hata hivyo njia hii ina mpaka wake. Maji hayageuki mvuke kwa urahisi katika hewa iliyokwisha kujaa unyevu. Penye ukungu wa asubuhi, mtungi hupoza kidogo sana. Mchana katika hewa kavu ya Mombo, hupoza vizuri. Anayeuiga mtindo wa nchi kavu bila kupima hewa ya kwake huweza kuvunjika moyo bure. Mlimani, mpoozaji mkuu ni usiku.

Kijumba cha usiku

Ghala linalotumia baridi ya usiku ni kijumba kidogo chenye kuta nene za udongo na paa la nyasi nene. Huwa na matundu chini na mengine juu. Jioni matundu yote hufunguliwa: hewa baridi, ambayo ni nzito, huingia kwa chini, nayo hewa yenye joto hutoka kwa juu. Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, matundu hufungwa, na kuta nene huitunza baridi mpaka jioni. Kwa kuwa mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini, upande wa kusini wa nyumba ndio wenye kivuli, na ndio ufaao kwa kijumba hicho. Wavu mdogo katika matundu huzuia panya.

Si mboga zote zinazotaka hali moja. Kabichi hupendelea baridi kuu, karibu na nyuzi 0, na unyevu mwingi. Lushoto haifiki hapo, kwa hiyo kabichi huweza kurefushiwa muda, lakini si kwa miezi mingi. Ihifadhiwe pamoja na majani yake machache ya nje, nayo ipangwe kwa safu juu ya chanja. Karoti zisizooshwa hupangwa katika sanduku, safu ya karoti na safu ya mchanga wenye unyevu kidogo, zisigusane.

Viazi mviringo ndivyo vilivyobahatika zaidi. Jotoridi la nyuzi 7 hadi 10, ambalo usiku wa kipupwe hulikaribia katika sehemu za juu, huvifaa sana viazi vya kula. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, wanga wake huanza kugeuka sukari. Kwanza vikaushwe ngozi kivulini, kisha viwekwe gizani. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na hujaza solanini, ambayo ni sumu. Viazi vya mbegu ni kinyume chake: huwekwa juu ya chanja katika mwanga hafifu, ili vichipue machipukizi mafupi yenye nguvu. Njia hiyo ilienezwa tangu miaka ya 1970 na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru.

Vitunguu havitaki unyevu hata kidogo. Hukaushwa, husukwa mafungu, na hutundikwa penye hewa. Nyanya ni mmea wa asili ya joto, na nyanya mbichi iliyowekwa chini ya nyuzi 10 kwa siku nyingi huumia: haiivi sawasawa, kisha huoza.

Kuna adui mmoja asiyeonekana. Kila mama wa Usambara ajua kwamba ndizi zikivundikwa pamoja huiva haraka. Kinachofanya kazi hiyo ni hewa iitwayo ethilini, itolewayo na matunda yanayoiva. Hewa hiyo hiyo huigeuza kabichi kuwa manjano na karoti kuwa chungu. Basi ndizi mbivu, peasi na nyanya zisilazwe chumba kimoja na mboga hizo.

Bustani kama ghala

Njia rahisi kuliko zote ni kutoichuma mboga kabla ya haja. Karoti zilizokomaa huweza kukaa ardhini kwa muda katika kipupwe, kwa sababu baridi huchelewesha ukuaji wake. Kadhalika, badala ya kupanda kitalu chote siku moja, mkulima aweza kupanda sehemu ya nne kila baada ya majuma mawili, ili mavuno yasimjie kwa mkupuo. Tahadhari ni moja: ukungu na baridi ya unyevu huukaribisha ugonjwa wa bakajani katika viazi na nyanya. Mmea ulioambukizwa usiingizwe ghalani, kwani kiazi kimoja kiozacho huambukiza jirani zake.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue karoti 9 zilizolingana, wazikate majani na kuzigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liachwe wazi mezani, la pili lifunikwe kwa gunia bichi, la tatu lifukiwe katika mchanga wenye unyevu. Kila fungu lipimwe uzito kila siku saa moja asubuhi, kwa siku 10, mchanga na maji yakiwa yamefutwa. Jotoridi lisomwe wakati huo huo kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa kibichi. Tofauti ya visomo hivyo huonyesha ukavu wa hewa. Shule ya Lushoto na shule ya Mombo zikifanya jaribio hili katika juma moja na kubadilishana matokeo, zitapata somo kubwa zaidi kuliko kila moja peke yake.

Maswali

1. Chora grafu ya uzito uliobaki kwa asilimia dhidi ya siku. Ni fungu lipi lililovuka upungufu wa asilimia 10, na siku gani?

2. Kijiji kiko mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kadiria kitakuwa na baridi zaidi ya Mombo kwa nyuzi ngapi.

3. Eleza kwa nini matundu ya kijumba hufungwa mchana ilhali upepo unavuma.

4. Mfanyabiashara amepakia kabichi pamoja na ndizi mbivu katika gari moja lililofunikwa turubai. Taja makosa mawili.

Ghala la baridi halimwongezei mkulima hata kabichi moja. Linampa siku chache tu. Lakini kwa mtu ambaye jana alilazimika kuuza kabla jua halijapanda, siku chache hizo ndizo zinazomwezesha kukataa bei mbaya, na kuwapikia watoto wake mboga yenye uhai juma linalofuata.