Jumanne: Imani Isiyoogopa Swali

Soma Matendo 17:1–4, 10–12. Paulo alifanya nini katika sinagogi la Thesalonike? Nao watu wa Beroya waliupokeaje ujumbe wake?

Hebu fikiria darasa la Shule ya Sabato linalojifunza juu ya maombi. Kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni ananyosha mkono na kuuliza: “Ikiwa Mungu anajua mahitaji yetu kabla hatujaomba, kwa nini tuombe?” Darasa linanyamaza. Mwalimu anatazama saa, kisha anasema: “Mambo mengine ni ya kuamini tu, kijana. Tuendelee.” Sabato inayofuata kijana anakaa nje chini ya mti mpaka darasa linapokwisha. Baada ya miezi michache, hata chini ya mti hayupo.

Mwalimu huyo hakuwa na nia mbaya. Alidhani anailinda imani. Lakini je, mitume waliilinda kwa njia hiyo?

Luka anatuambia kwamba huko Thesalonike Paulo aliingia katika sinagogi kama ilivyokuwa desturi yake, na kwa Sabato tatu alijadiliana na watu kutoka katika Maandiko. Neno la Kiyunani analolitumia Luka, dialegomai, lina maana ya kujadiliana na kutoa hoja. Analitumia tena kwa habari za Athene (Mdo. 17:17), Korintho (Mdo. 18:4), na Efeso, ambako Paulo alijadiliana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa muda wa miaka miwili (Mdo. 19:9, 10).

Angalia pia mahali alipoanzia. Katika sinagogi alianza na Maandiko, kwa kuwa wasikilizaji wake waliyakubali. Huko Athene, kwa watu wasioyajua Maandiko, alianza na madhabahu waliyoijenga wenyewe na maneno ya washairi wao (Mdo. 17:23, 28). Pote alifika kwa Kristo aliyefufuka. Ili kuanzia pale mtu alipo, ni lazima kwanza umsikilize.

Nao Waberoya walilipokea neno kwa hamu, na wakati huohuo wakayachunguza Maandiko kila siku ili waone kama ndivyo yalivyo. Hamu yao haikuwazuia kuchunguza, wala kuchunguza hakukuizima hamu yao. Matokeo yake ni kwamba wengi wao waliamini. Ikiwa Luka anawasifu watu waliolipima neno la mtume, basi mwalimu wa darasa hana sababu ya kuudhika anapoulizwa swali.

Soma 1 Wakorintho 2:1–5. Je, hapa Paulo anakataa matumizi ya akili katika mambo ya imani?

Huko Korintho Paulo aliazimu kumhubiri Kristo aliyesulubiwa, bila kutegemea ufasaha wala hekima ya wanadamu. Hata hivyo, katika mji huohuo alitoa hoja sinagogini kila Sabato. Hakuacha kufikiri, alikataa kuifanya hekima ya mwanadamu kuwa msingi wa imani. Hoja nzuri huweza kuondoa jiwe njiani, lakini Roho Mtakatifu ndiye anayeuleta moyo kwa Kristo. Ndiyo maana huko Athene watu waliosikia hotuba moja hawakuitikia sawasawa: wengine walidhihaki, wengine walitaka kumsikiliza siku nyingine, na baadhi, wakiwamo Dionisio na Damari, waliamini (Mdo. 17:32–34).

Petro naye anatutaka tuwe tayari kueleza sababu ya tumaini letu, lakini kwa upole na heshima (1 Pet. 3:15). Mtu aweza kushinda mabishano na kumpoteza ndugu yake.

Sasa turudi kwa yule kijana. Katika Mathayo 6:8, 9 Yesu anasema kwamba Baba anajua tunachohitaji kabla hatujamwomba, kisha papo hapo anatufundisha kuomba. Swali la kijana limo ndani ya Biblia yenyewe! Na jibu linaanzia katika neno “Baba.” Mtoto hazungumzi na baba yake ili kumpasha habari tu, bali kwa sababu yeye ni mtoto wake. Mwalimu angeweza kulifungua fungu hilo. Au angeweza kusema: “Sina jibu la kutosha leo. Sote tulichunguze juma hili, na Sabato ijayo tuanze na swali lako.” Huenda maneno hayo tu yangetosha kumrudisha darasani.

Je, katika kanisa lenu yuko mtu aliyeuliza swali la kweli akanyamazishwa? Juma hili utamwendeaje, nawe utaanza kwa kusema nini?