Kabla ya Kumwagilia Dungusi Lililotelekezwa

Katika wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo, kuiacha nyumba kwa muda mrefu si jambo geni. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wengi Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na wengi wakaishi katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia 2005 meli zikawa zinawarudisha katika mji wa Baraka. Hata nyakati za utulivu, mtu huenda Uvira au Bukavu kwa masomo au kazi, akarudi baada ya miezi mingi. Anakuta kwenye barza maua ya majani mapana yamebaki vijiti vitupu. Dungusi bado limesimama, limesinyaa, limejaa vumbi, rangi imefifia. Mwenye nyumba analihurumia, analimwagia maji mpaka yanafurika. Wiki chache baadaye shina limelegea na linanuka.

Maji yaleyale ndiyo yaliyoliua. Ili kuelewa sababu, inabidi tuanze na namna mmea huu unavyohesabu maji yake.

Mmea hupoteza maji kupitia ngozi, na huyaweka akiba ndani ya mwili. Kwa hiyo tuulize: kila sentimita moja ya ujazo wa mwili inabeba ngozi kiasi gani? Chukua jani lenye unene wa robo milimita. Ukihesabu pande zake mbili, kila sentimita ya ujazo ina sentimita 80 za mraba za ngozi. Sasa chukua dungusi la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 10. Hapo kila sentimita ya ujazo ina sentimita 0.6 tu za mraba. Tofauti inapita mara 130, na bado hatujataja nta iliyoipaka ngozi hiyo. Dungusi limeacha majani kwa sababu hiyo. Mbavu za shina nazo hujikunja kama mwamvuli akiba inapopungua, ngozi isipasuke.

Lakini mmea lazima uingize hewa ya ukaa ili ujitengenezee chakula, na kitundu kinachoingiza hewa hiyo ndicho kinachotoa mvuke. Tuseme mchana kuna nyuzi 30. Hewa iliyoshiba mvuke, kama ile iliyo ndani ya mmea, hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa hewa ya nje imeshiba nusu tu, pengo ni gramu 15, na pengo hilo ndilo linalovuta maji nje. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 20, hewa iliyoshiba hubeba takriban gramu 17, na ya nje ikiwa na unyevu wa asilimia 80 pengo linabaki gramu 3 na nusu. Hiyo ni chini ya robo ya hasara ya mchana. Basi dungusi hufungua vitundu vyake usiku, huiweka hewa ya ukaa katika umbo la asidi, na jua likichomoza huvifunga na kuitumia asidi hiyo. Nanasi hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1815 yalichapishwa maelezo ya Benjamin Heyne, aliyeonja huko India majani ya mmea mwingine wa tabia hiyo: asubuhi yalikuwa makali kwa uchachu, adhuhuri hayakuwa na ladha. Napenda sana kwamba ugunduzi huo ulianzia ulimini.

Sasa tushuke kwenye mizizi, maana hapo ndipo uokoaji unaposhinda au kushindwa. Vizizi vya kunywea ni vyembamba sana, ili maji yapenye. Udongo ukikauka kuliko mmea, wembamba huohuo ungeyaruhusu maji kutoka. Dungusi huviacha vife, na mizizi minene iliyobaki hujifunika tabaka gumu lisilopitisha maji. Kwa hiyo siku unayorudi, mmea una kiu lakini hauna pa kunywea. Maji unayomwaga yanakaa tu chunguni. Mizizi iliyo hai inahitaji oksijeni, nayo hupenya ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mizizi inakosa pumzi, inakufa, na kuvu huingia kupitia vidonda vyake hadi kwenye shina lililojaa chakula.

Ndiyo maana kazi huanza pakavu. Toa dungusi chunguni, ukilishika kwa gazeti lililokunjwa, na ukung'ute udongo wote wa zamani. Bonyeza shina. Lililosinyaa lakini gumu litapona. Lililolegea na kuwa jeusi lina uozo. Kata kwa kisu kilichosafishwa kwa moto, ukisogea juu mpaka nyama iwe safi pasipo doa. Kata pia mizizi iliyokufa. Kisha liweke kivulini bila udongo: siku chache kwa vidonda vidogo, wiki mbili au zaidi kwa shina lililokatwa, hadi jeraha liwe kavu na gumu.

Chagua chungu cha udongo kisicho kikubwa kuliko mizizi kwa zaidi ya vidole viwili, chenye tundu chini. Bidoni lililokatwa linafaa pia, mradi ulitoboe. Nusu ya mchanganyiko iwe mchanga wa chembe kubwa na kokoto ndogo. Ongeza vipande vya makaa na udongo kidogo wa shamba. Mchanga laini sana wa ufukweni hushikamana na kuziba hewa, kwa hiyo uchekeche uchukue chembe kubwa. Panda, ngoja wiki moja, ndipo umwagilie. Baada ya hapo acha udongo ukauke kabisa kabla ya kurudia. Majira ya mvua liwe chini ya barza, na ulizoeze jua kali taratibu, kwani ngozi iliyokaa kivulini huungua.

Kabla ya kukata chochote, hakikisha kwamba ni dungusi. Mnyaa wa uani hutoa maziwa meupe unapokatwa, nayo yakiingia jichoni yanaweza kudhuru macho vibaya.

Shina la chini lililokwisha kugeuka kahawia halitarudi kuwa kijani, wala si dalili mbaya. Tazama kileleni: miiba mipya yenye rangi ya kung'aa ikitokea, vizizi vya kunywea vimeota.