Kopo la Vitamini Halichukui Nafasi ya Dawa ya Kisukari

Kijitabu cha kaya: Tukuyu na Rungwe yote

USIACHE DAWA
Kama umeanzishiwa vidonge au sindano ya insulini, usiache dawa kwa sababu umepata kopo la vitamini au madini. Hata aliyekuuzia akiwa ndugu, jirani au muumini mwenzako, usiache dawa. Sukari ikipimwa ikakutwa imeshuka hadi kawaida, usiache dawa. Imeshuka kwa sababu unaitumia.

NIKIJISIKIA NAFUU JE?
Usiache dawa.

TUNAYOYAONA
Wanaoletwa kliniki wakiwa hoi mara nyingi hawakukosa dawa. Zilikuwa kabatini, wakaziweka pembeni ili kwanza "wajaribu" kopo. Mwaka 2011 watu walimiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao. Makopo ya leo ni ghali zaidi, na maneno ya muuzaji ni yale yale.

Anayetumia insulini akiacha, hata siku chache zinaweza kumuua. Angalieni kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, pumzi yenye harufu ya matunda, kusinzia ovyo. Msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali ya Makandana, Igogwe, Itete au yoyote iliyo karibu. Anayeacha vidonge huharibika polepole: macho, figo, kidonda cha mguu kisichopona.

KROMIAMU, MAGNESI, ZINKI, MDALASINI
Hakuna hata kimoja kilichothibitika kuponya kisukari.

VITAMINI B12
Hii ina ukweli wake. Metformini ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Ukihisi ganzi, miguu kuwaka moto au uchovu usioisha, mwambie daktari akupime. Ukipungukiwa, utaandikiwa B12. Metformini unaendelea nayo mpaka daktari aseme vingine.

TAHADHARI
Mwenye figo dhaifu asinywe magnesi wala potasiamu bila ruhusa ya daktari. Vitamini C nyingi huweza kufanya baadhi ya mashine za kupimia sukari zitoe majibu ya uongo. Virutubisho vingine vya maji vimetiwa sukari au asali, soma lebo. Yapo makopo, katika nchi mbalimbali, yaliyokutwa yamechanganywa kwa siri na dawa za hospitali za kushusha sukari. Ukiyanywa juu ya dozi yako unaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuzimia. Mjamzito asijianzishie chochote. Na kopo lisilo na lebo, usilinunue.

VITAMINI ZA RUNGWE
Majani ya maboga, maharage, parachichi, mayai, maziwa, usipa wa Kyela: humo mna vitamini na madini yanayowatosha watu wengi. Ndizi na viazi hupandisha sukari, visijaze sahani. Mboga ichukue nusu. Fedha ya kopo iwe nauli ya kliniki.

KAMA UMESHAACHA DAWA
Usione aibu. Njoo kliniki kesho asubuhi na kadi yako, na hilo kopo uje nalo tulione. Hatutakugombeza. Tutapima sukari na kukurudisha kwenye dozi inayokufaa. Unayetumia insulini usingoje kesho. Njoo leo, hata usiku.