Mbwa wa Machungani Hupimwa kwa Kazi

Katika Galu, kusini ya Diani katika Kaunti ya Kwale, mbuzi hulishwa chini ya minazi, katika vichaka vilivyoota juu ya mwamba wa matumbawe, na katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Adui wao wa mchana ni nyani. Mtu asiyefuga hudhani ya kwamba nyani ni mwizi wa mahindi na maembe tu, lakini mfugaji ajua ya kuwa nyani dume akimkuta mwana-mbuzi wa juma moja au mawili peke yake, humchukua akamla. Wale wakaao bara kidogo, kuelekea Shimba Hills na Kinango, wana fisi na chui zaidi ya hayo. Hasara hiyo si ndogo, kwa maana mwana-mbuzi aliyeliwa leo ndiye mbuzi ambaye angaliuzwa mwakani kulipa karo ya mtoto.

Kwa sababu hiyo wafugaji hutafuta mbwa, na hapo ndipo makosa huanza. Kandokando ya pwani, tangu Diani hata Galu, ziko nyumba zenye kuta ndefu ambamo hufungwa mbwa wakubwa wenye majina ya kigeni, kifua kipana na manyoya yang'aayo. Kijana apitaye barabarani huwatazama, kisha akirudi nyumbani humwona mbwa wa baba yake amelala mavumbini, mwembamba, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, naye humwonea haya. Huweza hata kuuza mbuzi wake apate mtoto mmoja wa mbwa wa aina ile. Kabla ya kuuza mbuzi yafaa aulize kwanza: je, mbwa huyo atafanya kazi gani?

Kazi za mbwa wa mifugo ni mbili, nazo ni mbalimbali kabisa. Iko kazi ya kuswaga, yaani kuwakusanya wanyama waliotawanyika, kuwazunguka na kuwaleta kwa mchungaji. Mbwa wa namna hii hutumiwa sana katika nchi za milima na kondoo wengi, kama Scotland, Wales na New Zealand. Tena iko kazi ya kulinda, ambayo ni kukaa pamoja na kundi mchana na usiku, kunusa upepo, kubweka mapema, na kusimama baina ya mbuzi na adui. Katika Afrika ya Mashariki mchungaji mwenyewe huwaongoza wanyama wake kwa sauti na mluzi, nao humfuata. Hahitaji sana mbwa wa kuswaga. Amtakaye ni mlinzi. Ndiyo kazi ya mbwa wa Wamasai tangu zamani, na ndiyo kazi itakiwayo Galu.

Hapa yafaa kulitaja jambo moja ambalo huwazuia Waislamu wengi wa pwani kumkaribia mbwa hata kidogo. Ni kweli ya kuwa katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim, zinazowaonya wafugao mbwa bila haja, zimewatoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwinda na mbwa wa shamba. Ruhusa hiyo imetolewa kwa ajili ya kazi. Kadhalika Kurani, katika Sura ya Al-Maida, huhalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Sharti lake ni mafundisho, na nasaba haikutajwa. Katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wafasiri wa baadaye walishindana juu ya jina lake na rangi yake. Aya yenyewe husema tu mahali alipokuwa, yaani mlangoni, penye zamu yake.

Huko Uingereza, mwaka 1873 ulikuwa na mambo mawili yafaayo kukumbukwa pamoja. Mwezi wa Aprili, katika mji wa London, kilianzishwa chama kiitwacho Kennel Club, cha kuandika nasaba za mbwa na kusimamia maonyesho yao. Katika maonyesho hayo mbwa husimama mbele ya mwamuzi, naye humtazama kichwa, masikio, manyoya na mwendo. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, huko Bala katika nchi ya Wales, wafugaji walikutana uwanjani kushindanisha mbwa wao juu ya kondoo. Mshindi alikuwa mbwa aitwaye Tweed, wa mchungaji Mskoti aliyekuwa akikaa Wales.

Tangu hapo njia ziligawanyika. Mbwa wa kondoo wa Scotland, waliokuwa wamependwa sana na Malkia Victoria, waliingizwa katika maonyesho, na wafugaji wa mjini wakawazalisha ili pua ziwe ndefu zaidi, kichwa kiwe chembamba zaidi, na manyoya yawe mengi zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopata zawadi. Baada ya vizazi kadha wa kadha walipatikana mbwa wazuri mno wa kutazama, ambao wachungaji wa milimani hawakuwataka. Wachungaji wenyewe walishika njia yao. Mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland, Adam Telfer alipata mtoto wa mbwa aliyeitwa Hemp. Mbwa huyu hakuwa wa kelele wala wa kuuma; aliwaongoza kondoo kwa macho na kwa mwendo wa kunyatia, na wachungaji wa mbali walileta majike wao wazae naye. Alikufa mwaka 1901, na karibu mbwa wote waitwao leo Border Collie wametoka katika uzao wake.

Mwaka 1906 wachungaji hao waliunda Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo. Kitabu cha chama hicho hakina kanuni ya rangi wala ya masikio. Hata mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa aweza kuingizwa humo, akiisha kupimwa machungani mbele ya waamuzi na kuonekana kuwa kazi aiweza na macho yake ni mazima. Huko Marekani, chama kikubwa cha maonyesho kilipowapokea Border Collie mwaka 1995, wenye mbwa wa kazi walipinga sana, kwa maana walikwisha kuona yaliyowapata ndugu zake wa pua ndefu.

Ama yule German Shepherd aonekanaye nyuma ya kuta za Diani, naye asili yake ni mbwa wa kondoo. Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa hao huko Ujerumani mwaka 1899, alisisitiza ya kwamba mbwa huyo thamani yake ni kazi. Lakini mapenzi ya watu wa maonyesho yaliinamisha mgongo wa wengi wao kuelekea nyuma, hata ikawa miguu ya nyuma haina nguvu ya kutembea kutwa. Tena huku kwetu kuna maradhi. Mbung'o wa misitu ya Shimba Hills huambukiza nagana, ambayo humkondesha mbwa, humvimbisha uso na kumtia ukungu machoni hata akapofuka. Kupe nao huleta homa za damu. Katika vita vya Vietnam mbwa wengi wa jeshi la Marekani walikufa kwa homa mojawapo ya hizo, na German Shepherd ndio walioathirika zaidi. Isidhaniwe kwamba mbwa wa kienyeji haugui kamwe. Huugua, lakini wazazi wake na mababu zake walizaliwa katika nchi hii ya joto na kupe, na walio dhaifu walikwisha kufa zamani. Naye mara nyingi hafiki kilo 20, kwa hiyo hutosheka na chakula ambacho mbwa mkubwa hangeweza kuishi nacho.

Je, mbwa huyu mdogo aweza kulinda? Wataalamu wamelichunguza jambo hili mahali pengi. Katika miaka ya 1980 waliwachunguza mbwa wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa mchanganyiko usio na jina, wakaona wanalinda kondoo vizuri kwa sababu walilelewa zizini tangu utoto. Katika Botswana, wahifadhi wa duma wamewahimiza wafugaji kutumia mbwa wa Kitswana wa kawaida kuliko kununua aina kubwa za kutoka Uturuki. Na hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa Laikipia na sehemu za jirani, ukachapishwa mwaka 2003 na 2007, ulionyesha ya kuwa hasara hupungua mahali ambapo mbwa na mchungaji hufuatana na kundi mchana, na wanyama hulala katika zizi lenye ukuta mnene usiku. Mbwa peke yake, bila mtu, si dawa kamili. Nyani dume mwenye meno makali aweza kumuua mbwa, basi kazi ya mbwa ni kumchelewesha na kumwita mchungaji kwa sauti yake. Afadhali wawe wawili.

Basi mfugaji achague namna gani? Kwanza awatazame wazazi wakiwa kazini. Aende alfajiri, mbuzi watokapo zizini, aangalie kama mama yule hufuata kundi au hubaki jikoni akingoja makombo. Aangalie akipita mgeni: mbwa mzuri hubweka akisimama karibu na mbuzi, wala hakimbii mbali kumfuata mtu huyo hata njia panda. Asidanganyike na ukali. Mbwa amshambuliaye kila apitaye ataleta kesi kwa mzee wa mtaa kabla hajaleta faida kwa mbuzi.

Mtoto wa mbwa aachishwe ziwa akiwa na majuma kama manane, kisha apelekwe moja kwa moja zizini. Katika miezi mitatu au minne ya kwanza ya maisha yake mbwa hujifunza ni akina nani walio jamaa zake. Akikua pamoja na watoto wa watu atawapenda watoto, akikua pamoja na mbuzi atawapenda mbuzi. Charles Darwin aliyaona mambo haya Uruguay mwaka 1833: wafugaji walimtenga mtoto wa mbwa na mama yake mapema, wakamnyonyesha kwa kondoo, wakamtandikia sufu zizini. Alipokua hakutaka kuondoka kundini.

Hapa desturi ya Mwislamu wa pwani humsaidia kuliko ajuavyo. Mwenye kumweka mbwa nje ya nyumba, akampa chombo chake mwenyewe na mahali pake penye zizi, amekwisha kufanya nusu ya mafundisho. Mbwa abembelezwaye barazani hulinda baraza.

Akifika miezi mitano au sita huanza michezo ya kijinga. Hukimbiza wana-mbuzi, huvuta masikio na mikia. Wengi huwafukuza mbwa wao wakati huu wakidhani wameharibika, kumbe ni ujana tu. Akemewe papo hapo, na akizidi afungiwe kigogo chepesi shingoni kimzuie kukimbia, kwa majuma machache. Pamoja na mbuzi wakubwa wenye pembe hupata adabu upesi. Lakini mbwa mzima aliyeonja damu ya mwana-mbuzi asiachwe kundini hata akiwa mzuri namna gani, wala asizalishwe. Asipewe kamwe matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa, maana humo hupata minyoo ya malengelenge, ambayo humdhuru binadamu.

Liko na sharti ambalo halina udhuru. Karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na Kenya imekusudia tangu mwaka 2014 kuukomesha ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Hilo huwezekana ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa. Mbwa wa machungani, akutanaye na wanyama wa mwitu, achanjwe akiwa na miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, na mwenyewe apokee cheti kutoka kwa bwana mifugo. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa maana dalili zikiisha kuonekana hakuna dawa.