Msawazo na Unyumbufu wa Mwili: Uwezo Usiopimwa Shuleni

Katika vilima vya mawe vya mji wa Mwanza, kama vile Mabatini na Isamilo, nyumba zimejengwa baina ya majabali, na njia za kuzifikia ni vijia vyembamba vyenye mawe yaliyopandana kama ngazi isiyo sawa. Katika vijia hivyo huonekana akina mama wakipanda na ndoo za maji vichwani. Chini ya ndoo pana ngata ya kitambaa; mara nyingi hakuna mkono unaoishika. Mguu hukanyaga jiwe, kifundo hujipinda kufuata mteremko wa jiwe hilo, nyonga husogea kidogo upande wa pili, na kichwa hubaki kimetulia. Maji hayamwagiki.

Siku ya michezo shuleni, binti wa mama huyohuyo atapimwa kwa saa na kwa futi: amekimbia mita 100 kwa sekunde ngapi, ameruka umbali gani, ametupa tufe wapi. Kwa vipimo hivyo hutajwa kuwa ana siha nzuri au hafifu. Pumzi na nguvu ni sehemu kubwa ya siha, wala hakuna anayelikana jambo hilo. Lakini ule uwezo ulioonekana kilimani, yaani msawazo wa mwili na unyumbufu wa viungo, haupimwi wala haufundishwi. Huchukuliwa kuwa ni kipaji, au kuwa ni mambo ya wanasarakasi. Dhana hiyo si sahihi. Msawazo ni ustadi wa mishipa ya fahamu, na kama ustadi mwingine wowote, hujengwa kwa mazoezi na hupotea kwa kutotumiwa.

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kitu husimama bila kuanguka maadamu mstari wa wima kutoka kitovu chake cha uzito unaangukia ndani ya eneo kilichosimamia. Kwa binadamu eneo hilo ni dogo mno: ni nyayo mbili na nafasi iliyo kati yake. Kitovu cha uzito nacho kiko juu, karibu na nyonga. Achukuliwe mama mwenye uzito wa kilo 60, ambaye kitovu chake kiko mita 0.9 kutoka ardhini. Akijitwika lita 20 za maji, ambazo ni kilo 20, na kitovu cha mzigo huo kikiwa mita 1.8 kutoka ardhini, kitovu cha vyote viwili kwa pamoja kitakuwa:

(60 × 0.9 + 20 × 1.8) ÷ 80 = mita 1.125

Kitovu kimepanda kwa zaidi ya sentimita 22, na eneo la nyayo halikuongezeka hata kidogo. Juu ya hayo, maji si mzigo mtulivu. Huenda huku na huko ndani ya ndoo. Ndiyo maana wachotaji wengi huweka majani juu ya maji, nayo majani huyavunja mawimbi kabla hayajakua. Hiyo ni fizikia safi, ingawa haikutoka kitabuni.

Mwili hujuaje kwamba unaanza kuinama? Habari huletwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji pamoja na vijiwe vidogo sana vya chokaa, ambavyo huueleza ubongo kichwa kinageukia wapi na kimeinama kiasi gani. Ya tatu, ambayo watu wengi huisahau, ni hisia zitokazo katika misuli, kano, maungio na ngozi ya nyayo. Ubongo huzilinganisha habari hizo, kisha huamuru misuli ya kifundo cha mguu, ya paja na ya kiwiliwili ikaze au ilegee. Kazi hiyo haikomi. Hata askari aliyesimama wima katika gwaride huyumba kidogo daima. Kusimama ni kuanguka kunakosahihishwa kila mara.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huitegemea sana njia hiyo ya pili na ya tatu. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazowavuta samaki juu ya maji. Mvuvi husimama ndani ya chombo kinachoyumba na kuvuta wavu mzito, huku ukingo wa anga hauonekani. Macho hayana kitu thabiti cha kushika. Mtu mgeni katika kazi hiyo hukakamaza magoti, na kwa sababu hiyo kila wimbi humtikisa mwili mzima. Mzoefu hupanua nyayo na kukunja magoti kidogo. Kwa kufanya hivyo hupanua eneo alilosimamia, hushusha kitovu cha uzito, na kuyaacha maungio yamalize mtikisiko kabla haujafika kiunoni.

Wataalamu wa elimu ya mwili wamelichunguza jambo hili katika Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Heglund, Prager, Cavagna na Taylor, walitangaza matokeo ya vipimo vya akina mama wa Kikuyu, wanaobeba mizigo mgongoni kwa mkanda wa kipajini, na wa Kijaluo, wanaojitwika kichwani. Wajaluo ni watu wa mwambao wa ziwa hilihili, upande wa Nyanza nchini Kenya na upande wa Rorya nchini Tanzania. Kwa kupima oksijeni iliyotumiwa, ilionekana kuwa akina mama hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao pasipo kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1995. Mtu anayetembea hufanana na fimbo iliyosimamishwa, inayopinduka juu ya unyayo: mwili hupanda, kisha hushuka, na nguvu ya kushuka hutumika kusukuma hatua inayofuata. Kwa kawaida kiasi cha asilimia 65 ya nishati hurudishwa kwa njia hiyo. Kwa akina mama waliochunguzwa, kadiri mzigo ulivyoongezwa, kiasi kilichorudishwa nacho kilipanda hadi karibu asilimia 80. Hawakuwa na misuli ya ajabu. Walikuwa na mwendo uliosawazishwa vizuri zaidi.

Hata hivyo mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba jambo hili ni la kila Mwafrika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 na Ray Lloyd na wenzake, miongoni mwa akina mama wa Afrika Kusini, haukupata nafuu hiyo kwa wastani. Ulikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wala mzigo wa kichwani usisifiwe kupita kiasi. Ndoo ya lita 20 kwa mama wa kilo 60 ni theluthi ya uzito wake, na imekwisha kuvuka kile kipimo cha asilimia 20. Shingo huumia. Mama huyo anabeba ndoo kwa sababu bomba liko mbali, si kwa sababu anatafuta mazoezi, na siku bomba litakapofika mlangoni kwake itakuwa siku njema. Swali la mwalimu ni jingine: mtoto atakayekulia karibu na bomba hilo, akaketi dawatini mchana na kupanda pikipiki jioni, ataupata wapi msawazo?

Hapa ndipo unyumbufu unapoingia. Msawazo bila unyumbufu hauna chombo cha kutendea kazi. Ubongo unaweza kutoa amri iliyo sahihi kabisa, lakini kifundo kilichokakamaa hakitaweza kuitii kwa wakati. Kuchuchumaa, ambako kumekuwa desturi ya nyumba nyingi katika kufua, kupika na kupalilia, hukikunja kifundo, goti na nyonga kwa pamoja. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, huinama hadi karibu na ardhi, hurusha jembe na kulidaka, kisha huinuka bila kupoteza mdundo. Kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, ngoma hiyo ni somo kamili: ina pumzi, nguvu, unyumbufu na msawazo, tena haihitaji kifaa cha kununua.

Juu ya kunyoosha viungo pana kosa moja la kawaida. Wanafunzi huambiwa wanyooshe misuli na kutulia muda mrefu kabla tu ya mbio. Misuli ikinyooshwa na kushikiliwa zaidi ya dakika moja, nguvu yake hupungua kidogo kwa muda. Kabla ya mashindano yafaa mazoezi ya mwendo: kukimbia polepole, kuinua magoti, kuzungusha miguu. Kunyoosha kwa kutulia, sekunde 10 hadi 30 kwa kila kiungo, kufanywe baadaye mwili ukiwa na joto, siku mbili au tatu kwa juma.

Faida yake imepimwa. Nchini Norway, wasichana wanasoka waliopasha miili yao kwa mpango wa mazoezi ya mbio, nguvu, msawazo na namna ya kutua baada ya kuruka walipata majeraha pungufu kwa kiasi cha theluthi moja. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008. Kwa wazee jambo hili huwa ni la uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu 684,000 hufa kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, shirika hilo linawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya msawazo na nguvu angalau siku tatu kwa juma.

Darasa linaweza kuanza na saa moja tu yenye mshale wa sekunde. Wanafunzi wawe wawiliwawili, bila viatu, mmoja akiwa tayari kumdaka mwenzake. Anayepimwa asimame kwa mguu mmoja, macho wazi, na muda uandikwe, usizidi sekunde 60. Arudie macho yakiwa yamefumbwa. Wengi watashangaa jinsi muda unavyopungua, na hapo ndipo kazi ya macho itakapoeleweka kuliko kwa mchoro wowote ubaoni. Kisha arudie juu ya mchanga au godoro lililokunjwa, ambapo habari za nyayo huvurugika. Mazoezi hayo yafanywe dakika tano kila siku kwa majuma sita, na vipimo virudiwe. Mguu wa kulia na wa kushoto uandikwe mbalimbali, kwa maana mara nyingi havilingani, hasa kwa mwanafunzi aliyewahi kuteguka kifundo.